Mnaoendesha biashara ughaibuni: nani anajua hali halisi ya hesabu zako?

Mwendapole

Wakuu, habari za majukumu.

Uzi huu nimeukalia muda mrefu. Unawahusu mnaoendesha biashara zenu katika nchi isiyo ya kwenu: mmeajiri watu, mnalipa kodi, na mnaishi kwa kibali ambacho lazima kihuishwe. Walioajiriwa ughaibuni mnakaribishwa pia, ila mtaona shida ninayoizungumzia ina sura yake.

Nina kampuni ya usafi wa majengo. Huu ni mwaka wangu wa tisa katika nchi ya watu. Miaka minne ya kwanza sikuwa na mtu hata mmoja wa kumweleza biashara yangu ilivyo kwa kweli.

Nyumbani husemi. Ukieleza magumu, mama hatalala. Ukieleza mazuri, maombi ya fedha yanaanza kabla hujakata simu. Kwa hiyo unajibu "tunamshukuru Mungu" na mazungumzo yanahamia kwenye mambo mengine. Wafanyakazi huwaambii, maana siku wakinusa kwamba mshahara wa mwezi ujao haujulikani utatoka wapi, walio hodari ndio wa kwanza kuondoka. Mwenzi wako, kibali chake na cha watoto kimeegemea kampuni hiyohiyo, kwa hiyo kila neno la mashaka unalolitamka mezani analisikia kama "anza kufunga mizigo". Watu wa kwenu mnaokutana kwenye shughuli, huyu ana biashara kama yako, yule anamfahamu aliye nayo. Mwenyeji ana shemeji, ana waliosoma naye, ana mjomba aliyefanya kazi benki. Wewe una simu iliyojaa namba za wateja.

Mwaka wa tano nikapata mkataba wa majengo matatu ya ofisi. Nilifurahi mno. Nikaajiri watu 14 wapya. Mishahara inatoka kila mwisho wa mwezi. Mteja analipa siku 60 baada ya kupokea ankara, na ankara inapelekwa mwezi ukiisha. Hesabu mwenyewe: kazi iliyofanyika siku ya 1 inalipwa siku ya 90. Kabla fedha ya kwanza haijaingia nimeshalipa mishahara mara mbili, na ya tatu inabisha hodi siku ileile. Bado sabuni, mashine, bima na michango ya hifadhi ya jamii. Kwenye vitabu napata faida, na akaunti inakauka.

Jamaa mmoja muuza vipuri, mgeni kama mimi ila wa taifa jingine kabisa, akanialika kwenye kikao chao. Watu sita, chumba cha nyuma cha ofisi ya mmoja wao, simu zote kwenye kikapu mlangoni. Zamu yangu ilipofika nikaanza kuueleza mkataba wangu kwa fahari. Mama mmoja mwenye karakana ya kushona sare aliniacha nimalize, kisha akaniuliza: "Ukishalipa mishahara ya Ijumaa, Jumatatu benki kunabaki nini?"

Sikujua.

Akafungua pochi akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa penseli, imefutwafutwa mpaka imeanza kutoboka. Wiki 13 zimepangwa kushuka chini. Kinachoingia, kinachotoka, salio. Wiki ya 7 na ya 8 zilikuwa zimezungushiwa duara. Akasema: "Hapa ndipo nilipokaribia kufunga. Mwaka mzima nilikuwa natafuta wateja zaidi, kumbe tatizo langu lilikuwa tarehe za kulipwa."

Hakunielekeza la kufanya. Alinisimulia alivyofanya yeye: alirudi kwa mteja wake mkubwa, akaomba alipwe kila baada ya wiki mbili, akakubali kushusha bei kidogo. Usiku ule nilikaa ofisini nikajaza wiki zangu 13. Wiki ya 9 salio lilikuwa hasi. Mteja wangu alikataa wiki mbili, akakubali siku 30. Ikatosha. Watu wote 14 walilipwa kwa tarehe.

Naomba tuelezane makundi ya namna hii yanaendeshwaje, kwa sababu nimeona mengi yakianza kwa moto na kufa ndani ya miezi sita. La kwetu lina watu saba. Wakiwa chini ya watano, wawili wakisafiri hakuna kikao. Wakizidi wanane, wengine wanaondoka bila kusema kitu. Tunakutana mara moja kwa mwezi, siku ileile, kwa muda wa saa tatu. Kila mtu ana dakika tano za kusema kiasi kilichopo benki, kinatosha mishahara ya muda gani, na jambo linalomkosesha usingizi. Kisha mmoja anapewa saa nzima kwa jambo moja. Ukitaka kumjibu, simulia lililokupata wewe. Kama halijakupata, uliza swali. Neno "ungefanya hivi" hatulitumii. Na hakuna kuuziana chochote mle ndani.

Karibuni.

---

Jahazi

Mkuu, andiko zuri, lakini nina pingamizi.

Mimi nimejenga kampuni yangu ya usafirishaji wa mizigo kwa kujuana na watu wengi, si sita. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba katika watu aliowahoji waliopata kazi kupitia mtu, wengi walipewa taarifa na mtu wanayeonana naye mara chache, si rafiki wa karibu. Sababu ni rahisi: wa karibu mnajua mambo yaleyale. Sasa mkijifungia sita chumbani, tena wageni watupu, mtajuaje zabuni ilipotangazwa? Mtajuaje ofisi ipi imebadilisha utaratibu? Mgeni ndiye mwenye haja zaidi ya kutoka nje akutane na wenyeji.

Halafu muda. Saa tatu kila mwezi ni nyingi kwa mtu anayefungua mlango saa kumi na mbili asubuhi.

---

Mwendapole

Jahazi, hoja yako ya kwanza naikubali kabisa. Mkataba wangu ule ule wa majengo matatu niliusikia kwa mwenyeji niliyekutana naye mara mbili tu maishani. Kazi ya kutafuta wateja inataka watu wengi wa juujuu, na kila mwezi naifanya.

Ila yule mwenyeji nisingeweza kumwambia kwamba wiki ya 9 akaunti itakuwa hasi. Angekuwa mwendawazimu kunipa kazi baada ya hapo. Hizo ni kazi mbili. Makundi mengi niliyoyaona yakifa ni yale yaliyotaka kuzifanya zote mbili kwenye meza moja. Ukikaa na mtu unayetarajia akuletee wateja, utampamba biashara yako hata usipokusudia.

Saa tatu nazitetea. Wiki ile ningeipoteza kampuni, saa zingekuwa nyingi kuliko hizo.

---

Dira

Wakuu, nimekuwa kwenye makundi haya ya kulipia na yasiyo ya kulipia, naomba niongeze.

Utaratibu huu si mgeni. Yale mashirika makubwa ya wenye kampuni yamejengwa juu yake. YPO (Young Presidents' Organization) ilianza mwaka 1950 Marekani na kijana aliyerithi kampuni ya familia bado mdogo, akatafuta vijana wenzake wenye mzigo kama wake. Vistage ilianza mwaka 1957, na EO (Entrepreneurs' Organization) mwaka 1987. Katika EO kundi dogo linaitwa forum na sheria zake ni hizo alizotaja mleta uzi: siri, na kusimulia badala ya kushauri. Shida kwa wengi wetu ni mlango wa kuingilia. EO inataka kampuni iwe inaingiza zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka. Mtu mwenye wafanyakazi wanne haingii. Lakini utaratibu wenyewe hauuzwi, unaweza kuuendesha sebuleni.

Kuhusu kusimulia badala ya kushauri, nataka nikazie, maana wapya huliona kama adabu tu. Mwezi Mei mwaka 1935 Bill Wilson, mtu wa masoko ya hisa kutoka New York, alikuwa Akron, Ohio, kwa shughuli ya biashara iliyoharibika. Yuko hotelini peke yake, mbali na nyumbani, baa iko palepale, na alikuwa mlevi aliyeacha pombe miezi michache tu. Akaenda kwenye simu, akapiga huku na huku akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, mpaka akakutanishwa na daktari aliyeitwa Bob Smith. Hapo ndipo ilipoanzia Alcoholics Anonymous, makundi ya walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Yule daktari alishahubiriwa na wengi. Wilson alimweleza habari zake mwenyewe, na daktari akasikiliza.

Ughaibuni sababu inazidi uzito. Ushauri uliokuwa sahihi kwa aliye na ukaazi wa kudumu unaweza kumfukuzisha nchini mwenye kibali cha muda. Ukisimulia, msikilizaji anaona mwenyewe wapi hali yake inaachana na yako. Ukimwambia "fanya hivi", haoni.

---

Nanga_2

Naandika kwa uchungu kidogo, mnisamehe.

Mimi nilikuwa kwenye kundi la watu wa kwetu pekee. Tulikuwa tisa. Nilisema siku moja kwamba mwenye jengo anataka kunipandishia kodi ya pango na mkataba wangu unaisha baada ya miezi miwili. Ndani ya wiki tatu mmoja wetu, anayefanya kazi kama yangu, alikuwa ameshakwenda kuongea na mwenye jengo. Nilifika asubuhi moja kupima upana wa mlango kwa ajili ya mashine mpya nikamkuta yuko ndani na fundi wake, wanapima ukuta. Tulitazamana tu. Sikusema neno, nikarudi kwenye gari.

Nilipoteza eneo na nikapoteza watu. Maana wote walijua, wakanyamaza, wakasema tusivunje umoja wetu ugenini.

Sasa miaka miwili sijamwambia mtu yeyote jambo la biashara yangu. Nimesoma uzi huu mara tatu. Swali langu: mnamjuaje mtu kabla ya kumwamini?

---

Mwendapole

Nanga, pole sana. Hilo la kumkuta anapima ukuta nimelihisi kifuani.

Nikujibu kwa tunavyofanya sisi. Hatuanzi na kuamini. Tunaanza na kuondoa kishawishi. Kila kazi mtu mmoja tu. Mimi ni wa usafi, basi mtu wa usafi mwingine haingii hata awe malaika. Paul Harris, mwanasheria aliyehamia Chicago mwaka 1896 na kukaa miaka akiwa mpweke, alipokusanya watu wa kwanza wa klabu ya Rotary tarehe 23 Februari 1905 walikuwa yeye, muuza makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi cherehani. Walikutana kwa zamu ofisi kwa ofisi, jina lao likatoka hapo, maana rotary kwa Kiingereza ni ya kuzunguka, na kwa miaka mingi kila fani ilikuwa na nafasi moja. Walikuwa wageni wa mji, kama sisi tulivyo wageni wa nchi.

La pili, changanyeni mataifa. Nawapenda watu wa kwetu, na shughuli zao nahudhuria. Lakini katika saba sisi tunatoka mataifa matano. Siri yangu ikitoka haina pa kwenda, maana hawamfahamu hata mtu mmoja katika ukoo wangu.

La tatu, mgeni anakuja vikao viwili bila kuahidi kitu, nasi hatumwahidi. Ndani ya vikao hivyo tunaangalia kama anasema tarakimu zake au anazungumza kwa ujumla. Anayekaa vikao viwili bila kutaja tarakimu hata moja, tunaagana naye kwa heri.

---

Jahazi

Hapo kwa Rotary naomba nikumbushe, ndugu yangu, kwamba mwanzoni walikuwa wakipeana biashara waziwazi. Kuuziana kulikuwemo.

Lakini kisa cha Nanga kimenigusa. Naona sasa kwa nini mnatenganisha.

---

Tumbawe

Habari wadau. Kazi yangu ni uhasibu, na wateja wangu wengi ni wageni wenye kampuni. Niseme mambo ambayo makundi haya huyasahau mpaka yanawaumiza.

Mkikaa watu wa kazi moja mkaambiana bei mnazotoza, au nani asiguse wateja wa nani, mnaweza kuwa mmevunja sheria ya ushindani bila kuandika mstari. Marekani ina sheria hiyo tangu mwaka 1890, Umoja wa Ulaya nao unayo, na nchi nyingi pia. Hiyo ni sababu nyingine ya mtu mmoja kwa kila kazi.

Siri ya kundi ni ahadi ya kiungwana. Haina kinga ya kisheria kama mazungumzo yako na wakili wako. Kwa hiyo kama una kesi, au unachunguzwa kodi, kundini eleza unavyojisikia na unavyojipanga. Undani mpelekee wakili. Na msiandike kumbukumbu za vikao kwenye grupu la WhatsApp. Nawaomba sana.

Kodi: msikopiane. Nchi nyingi zinatumia siku 183 kama kipimo kimojawapo cha nani ni mkaazi wa kikodi, na watu hudhani ukikaa siku 182 uko salama. Hapana. Makazi, familia na mahali maamuzi ya kampuni yanapofanyika vinaangaliwa pia. Nimeona watu wawili wa kundi moja, mmoja nchi yake ina mkataba wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili na mwingine yake haina, wakafuata njia moja. Wa pili alilipa pande zote mbili.

La mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Mgeni hachelewi kufunga kwa sababu ni mkaidi. Anachelewa kwa sababu kampuni ndiyo kibali chake. Lakini sheria haimsubiri. Ujerumani, kwa mfano, mkurugenzi wa kampuni ya dhima yenye kikomo iliyoshindwa kulipa madeni yake ana muda usiozidi wiki tatu kupeleka ombi la ufilisi mahakamani, akipitiliza anaweza kushtakiwa na kudaiwa yeye binafsi. Uingereza nayo, kwa sheria ya ufilisi ya mwaka 1986, mkurugenzi anayeendelea kufanya biashara huku akijua au alipaswa kujua kwamba hakuna njia ya kuepuka ufilisi anaweza kuamriwa kuchangia kutoka mfukoni mwake. Wengi wanaonijia wameshavuka mstari huo miezi mingi. Kama wangekuwa na watu sita wanaouliza kila mwezi "benki kunabaki nini", wangenijia mapema. Nasema hivi nikiwa mhasibu: hao sita wananizidi, kwa sababu mimi nazipata hesabu baada ya mwaka kuisha.

---

Mshumaa

Mimi ni mmoja wa waliofunga.

Nilikuwa na duka la vifaa vya watoto. Kundi letu lilikuwa la wanawake watano. Mwezi wa tatu mfululizo nilipotaja tarakimu zangu, mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Dada, mwezi wa kwanza ulisema inatosha mishahara ya miezi mitano, wa pili ukasema mitatu, leo umesema mmoja." Nilikuwa nimezisema mwenyewe, lakini sikuwahi kuzisikia zikifuatana. Nililia pale pale, hawakunikatiza.

Wiki zilizofuata mmoja alinisimulia alivyofunga mgahawa wake katika nchi nyingine. Alianza na mishahara na michango ya wafanyakazi, kisha kodi, akawaandikia wauzaji wote siku moja ili asiwepo aliyesikia kwa mwenzake. Mwingine alinisindikiza ofisi ya uhamiaji, akakaa nami kwenye foleni saa nne. Nilibadilisha aina ya kibali kabla kampuni haijafutwa kwenye daftari, kwa hiyo sikubaki bila hadhi hata siku moja. Kama ningefuta kampuni kwanza, Mungu anajua.

Nina nyongeza moja kwa mleta uzi. Hukugusia mkopo. Sisi tulijaribu kuweka na mchezo wa kupeana fedha kwa zamu ndani ya kundi hilohilo. Mchezo ni kitu kizuri, wageni wa kila taifa wameanzishia biashara kwa mitaji hiyo, Wakorea wanauita kye, Wameksiko tanda. Lakini miezi miwili tu ilitosha. Aliyekuwa hajapokea zamu yake alianza kusikiliza habari zangu kama mdai. Tukaurudisha, kila mtu akachukua chake. Tulichagua kusikilizana.

---

Nanga_2

Mshumaa, asante. Hilo la tarakimu kufuatana sitalisahau.

---

Tanga_Moja

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mpya, mwaka wa pili, nina karakana ya kutengeneza majokofu na viyoyozi. Mji wangu ni mdogo, wageni wenye biashara hatufiki kumi na sijui walipo. Nianzeje? Na je, kwa video inawezekana?

---

Tumbawe

Marahaba. Nenda kwa mhasibu au wakala wa vibali anayehudumia wageni. Usimwombe namba za wateja wake, hawezi kukupa na hapaswi. Mwachie yako, na barua fupi ya mistari mitano inayosema unatafuta nini, awafikishie. Anayependa atakupigia.

---

Dira

Kwa video inawezekana, nimekuwa kwenye moja miaka mitatu. Kamera zote wazi, kila mtu chumba chenye mlango uliofungwa, na wasizidi watano, maana skrini inachosha. Saa ya kikao izunguke, asiwe mtu yuleyule anayeamka usiku kila mwezi. La muhimu, mkutane ana kwa ana angalau mara moja kwa mwaka. Katika kundi letu, waliokutana ndio waliobaki.

---

Tanga_Moja

Wakuu, nimerudi. Barua niliiacha kwa wakala wa vibali, amenipigia mama mmoja mwenye kampuni ya tafsiri, na yeye anamfahamu mwenye kitalu cha miche. Tunakutana Alhamisi ijayo, watatu tu kwa kuanzia.

Nimejaza wiki 13 kama alivyoeleza Mwendapole. Imenichukua Jumapili nzima, sikuwahi kujua kwamba bima ya gari na kodi ya robo mwaka vinaangukia wiki moja. Wiki ya 4 ni hasi.

---

Mwendapole

Tanga_Moja, hongera kwa kuzijaza. Lakini wiki ya 4 iko karibu mno, usisubiri Alhamisi ijayo. Kesho asubuhi orodhesha wanaokudai na unaowadai, weka tarehe mbele ya kila mmoja, jina la mteja usiandike. Nitumie kwenye ujumbe wa faragha kabla ya saa sita. Nitakupigia jioni, na Mshumaa nimemwomba awepo kwenye simu, amekubali.